Wakili wa Mji Mdogo: Kesi Humfikia Ikiwa Imeshaharibika

Wakili mwenye ofisi Mbulu mjini au Katesh huishi kwa mambo manne: shamba, mirathi, ng'ombe na mauaji. Talaka, madeni ya vikoba na ajali za bodaboda hujazia panapobaki. Mikataba ya makampuni makubwa na mashauri ya kodi hayafiki huku, yanaishia Arusha. Kwa hiyo wakili huyu hana anasa ya kubobea katika tawi moja la sheria. Asubuhi anamtetea mtuhumiwa wa wizi wa mifugo, mchana anaandika kiapo cha mama ambaye jina lake kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye cheti cha ndoa, jioni anasoma mwenendo wa shauri la shamba lililoanza yeye akiwa bado shule ya msingi. Wanaoulizwa kwa nini huduma yake haiwasaidii watu wengi hutaja sababu mbili: mawakili ni wachache na wateja hawana fedha. Sababu zote mbili zipo, ila kiini kiko kwingine. Sheria, pamoja na mazoea yaliyojengeka juu yake kwa karibu miaka mia, humleta mteja kwa wakili wakati ushahidi umeshafungwa. Wakili anaitwa kukarabati shauri ambalo hakushiriki kulijenga.

Siku yake huanzia kwenye ubao wa matangazo wa mahakama ya wilaya, palipobandikwa orodha ya mashauri. Mbulu iko juu. Asubuhi nyingi ni za ukungu, na wanaosubiri nje ya mahakama huwa wamejifunika mashuka na makoti mazito. Orodha inaonyesha shauri na hatua yake: kutajwa, kusikilizwa, uamuzi mdogo, hukumu. Shauri la kutajwa huisha kwa dakika chache. Mawakili wanasimama, wanaitana "wakili msomi", wanamweleza mheshimiwa hakimu kama majibu ya upande wa pili yamewasilishwa, na tarehe nyingine inapangwa. Mteja aliyepanda basi la alfajiri kutoka Haydom haoni kilichofanyika. Kwake siku imekwenda, nauli imekwenda, na mtu aliyemlipa amesema maneno matatu tu mbele ya hakimu. Sehemu kubwa ya kazi ya wakili mahakamani ni ya namna hii, na wakili asiyemweleza mteja mapema tofauti kati ya kutajwa na kusikilizwa anajitafutia lawama.

Kuanzia saa tano hivi kazi huhamia ofisini, ambayo mara nyingi ni chumba kimoja chenye meza, mafaili na kompyuta, jirani na duka la steshenari. Steshenari ni mshirika wa lazima: ndiko kunakopigwa chapa, ndiko kunakotolewa nakala, na umeme ukikatika siku ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, mwenye jenereta ndiye mwokozi. Wakili wa Tanzania Bara ni pia kamishna wa viapo, na kwa kawaida ni mthibitishaji wa nyaraka. Ada za viapo na mihuri ndizo hulipa kodi ya chumba. Siku ya mnada, iwe Katesh, Dongobesh au Haydom, wateja huwa wengi kuliko siku nyingine, kwa kuwa aliyeshuka kuuza ndama au gunia la vitunguu saumu hupata nafasi ya kupitia kwa wakili akiwa na fedha mkononi. Kalenda ya ofisi hufuata mavuno na minada kuliko inavyofuata mwezi wa mshahara.

Nyaraka zinazowekwa mezani zinaeleza ugonjwa wenyewe. Ya kawaida kabisa ni karatasi moja ya daftari la mistari, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka, ndani ya mfuko wa plastiki. Imeandikwa kwa kalamu ya wino kwamba fulani amemuuzia fulani shamba la ekari tatu. Mipaka yake ni korongo upande mmoja, mstari wa minyaa upande wa pili, njia ya ng'ombe na jirani. Mashahidi ni wawili, mmoja ameweka dole gumba. Kuna muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Tarehe ipo, bei ipo. Kinachokosekana ni kile ambacho sheria inakitaka kwanza: idhini ya halmashauri ya kijiji. Mahakama ya Rufani ilisema tangu miaka ya 1980 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu kamili wa kuipata. Mnunuzi amelima miaka minane akiamini karatasi yake. Anakuja kwa wakili siku mtoto wa muuzaji alipong'oa minyaa.

Mara nyingi atakuwa ameshapita ngazi moja au mbili kabla ya kufika hapo, na ngazi hizo zina historia yake. Chini ya utawala wa Waingereza, Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 na ile ya mwaka 1951 iliyoirithi ziliwazuia mawakili kuingia katika mahakama za machifu. Hoja ilikuwa kwamba mahakama hizo zinaamua kwa mila, kwa haraka na kwa gharama ndogo, na kwamba wakili angeleta maneno mengi. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo mzima na kuunda mahakama za mwanzo, lakini mlango ulibaki umefungwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ikauendeleza. Wakati huo zuio lilikuwa na mantiki ya aina yake: mahakimu wa mwanzo hawakuwa wanasheria, na nchi yenyewe ilikuwa na wanasheria wa kuhesabu, kwani Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza kufundisha Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Hali hiyo ilishapita. Mahakimu wa mwanzo wengi sasa wana mafunzo ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto au shahada kamili. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliwaruhusu mawakili kuingia mahakama ya mwanzo pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Pale ambapo hakimu si mkazi, mdaawa bado anasimama bila wakili.

Upande wa ardhi njia ni tofauti ila matokeo yanafanana. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kwa karibu miaka ishirini baraza la kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3, na mashamba mengi ya vijijini yalikadiriwa humo, mengine kwa ukarimu wa ajabu. Wajumbe walikuwa majirani wa wadaawa. Katibu aliandika alichoweza. Kisha shauri likapanda, na wakili akapewa makabrasha yaliyoandikwa kwa mkono ambamo haijulikani nani aliapa, nani aliulizwa maswali, wala kama wajumbe wanawake walikuwepo. Sheria ilitaka wawepo. Pale ambapo majina na jinsia havikuonekana kwenye akidi, hukumu ilifutwa na watu wakaambiwa waanze upya. Baraza la wilaya nalo lilikuwa na tatizo lake: kuanzia mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba maoni ya washauri wa baraza lazima yasomwe mbele ya wadaawa kabla ya hukumu, na mashauri mengi yaliyokuwa yamekwisha yakarudi mwanzo. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa ili mahakama zitazame haki ya msingi kabla ya dosari za kiufundi, lakini dosari zinazogusa mamlaka ya chombo au akidi yake hazikuponywa na marekebisho hayo. Tangu 2021 baraza la kata limebaki na kazi ya kusuluhisha; likishindwa ndani ya siku 30, mdai anaruhusiwa kwenda baraza la wilaya. Ni mabadiliko mazuri kuliko wanavyoyachukulia watu wengi, maana sasa ushahidi wa shauri la ardhi unaanza kuchukuliwa mahali ambapo wakili anaruhusiwa kuwepo. Mazoea bado hayajafuata sheria. Wateja wanaendelea kuja baada ya baraza la wilaya kuamua, wakiwa na siku chache kati ya zile 45 za kukata rufaa.

Ubaya wa kuchelewa unatokana na jinsi rufaa inavyofanya kazi. Mahakama ya rufaa haisikilizi mashahidi upya, inasoma kilichoandikwa. Shahidi ambaye hakuitwa, swali ambalo halikuulizwa, hati ambayo haikupokelewa kama kielelezo, vyote havipo. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra na kwa sababu maalumu. Anayelalamika kwamba mpinzani wake alisema uongo katika ngazi ya chini ataulizwa kama alimhoji shahidi huyo kuhusu uongo huo siku ile. Jibu karibu siku zote ni kwamba hakujua kuwa alipaswa kuuliza. Shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo likitaka kufika Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu lazima kwanza ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria. Hoja ya nani aliulima mstari upi wa mpaka haiendi huko.

Wilaya za Mbulu na Hanang zina mfano mkubwa kuliko wote wa gharama ya ushahidi usiokusanywa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Canada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu, kwenye malisho ya Wabarabaig. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua shauri Mahakama Kuu Arusha mwaka 1981, wakidai shirika limevamia ardhi yao. Walishinda. NAFCO ikakata rufaa, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani, ulioingia katika ripoti za sheria za mwaka 1985, ukawapindua. Sababu zake ndizo somo la kila wakili wa huku. Kwanza, kijiji kuwa na mamlaka ya kiutawala juu ya eneo hakumaanishi kwamba ardhi ni mali yake. Ilibidi kuonyesha kwamba baraza la maendeleo la wilaya liliigawa kwa kijiji, na ushahidi huo haukuwepo. Pili, wanakijiji waliodai kumiliki kimila walipaswa kuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo, na hilo nalo halikuthibitishwa. Baadhi yao walionekana kuwa na asili ya Kisomali. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo mkavu, na ni mkavu kweli: kumtaka Mbarabaig wa Basotu athibitishe kwamba ni mwenyeji wa Basotu ni jambo la kushangaza. Lakini mahakama ilipima kilichoandikwa. Muhtasari mmoja wa kikao cha wilaya, na swali moja kwa kila shahidi kuhusu ukoo wake na mahali walipozikwa babu zake, ndivyo vilivyokosekana.

Mfano wa pili unaonyesha upande wa pili wa sarafu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakazi wa Kambi ya Simba katika kata ya Mbulumbulu, wakati huo Wilaya ya Mbulu na sasa Karatu, walifungua shauri mwaka 1987 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha kudai shamba lao la kimila, wakashinda. Rufaa ikiwa bado inasubiri, Bunge lilitunga sheria namba 22 ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa Operesheni Vijiji, ikakataza fidia na kuwazuia watu kwenda mahakamani. Baba na mwana walifungua shauri la kikatiba. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ilisema haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na vifungu vilivyokataza fidia na kufunga milango ya mahakama vikaanguka. Wanasheria hufundishwa uamuzi huu kama ushindi wa Katiba. Ni hivyo, lakini ulisimama juu ya jambo la kawaida sana: wakulima wawili walikuwa na hukumu safi ya awali mkononi, iliyopatikana katika mahakama ambayo wakili angeweza kuingia.

Linganisha na wakili wa mji mdogo wa Marekani ya karne ya 19, ambaye historia imehifadhi habari zake vizuri kwa sababu mmoja wao alikuja kuwa rais. Abraham Lincoln alipata leseni ya uwakili Illinois mwaka 1836 kwa kujisomea vitabu vya sheria, akahamia Springfield mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi alizunguka mara mbili kwa mwaka na mahakama iliyohama kutoka makao ya kaunti moja hadi nyingine, kwa farasi au kigari. Kazi yake ya kila siku isingemshangaza wakili wa Katesh: madeni, mifugo, mipaka ya mashamba, talaka, mauaji mara mojamoja, na ada ndogondogo. Mawakili walilala nyumba moja ya wageni na jaji. Tofauti iko mahali pamoja tu. Pale, mahakama iliyosikiliza shauri kwa mara ya kwanza ndiyo mahakama aliyoizungukia wakili. Mteja alimkuta mlangoni asubuhi ya shauri na wakili akaanza na mashahidi. Alikuwa na muda mfupi sana wa kujiandaa, lakini alikuwepo wakati ushahidi unaandikwa.

Lugha inaongeza umbali ambao sheria imeuweka. Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga, wakiwemo Wabarabaig, ni Waniloti, Wanyiramba na Waisanzu ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao isiyo na ndugu anayejulikana. Mahakama ya mwanzo imeendeshwa kwa Kiswahili siku zote. Mahakama za juu, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, zilisikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Mzee wa Kidatoga akieleza ng'ombe wake aliyeibwa, maneno yake yalivuka mito miwili kabla ya kufika kwenye karatasi. Katika wizi wa mifugo hili huamua kesi. Mahakama hutaka mwenye mali aeleze alama za mali yake kabla hajaonyeshwa. Mfugaji ana maneno ya rangi, mabaka, pembe na mkato wa sikio ambayo humtofautisha ng'ombe mmoja katika kundi la mia. Mkalimani wa kuokotwa koridoni anasema "ng'ombe mwekundu". Wakili wa utetezi anasimama na kusema, kwa haki kabisa, kwamba ng'ombe wekundu ni wengi. Mshtakiwa anaachiwa, na mwenye ng'ombe anaondoka akiamini hakimu amehongwa.

Mauaji yana ratiba yake. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Inalitaja tu hadi upelelezi ukamilike na mshtakiwa apelekwe Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi ilimaanisha Arusha, zaidi ya kilomita 200 kutoka Katesh. Sasa Mahakama Kuu ina masjala ndogo Babati, na hilo limepunguza safari za mawakili na mashahidi kuliko marekebisho yoyote ya kanuni. Serikali humlipia wakili mshtakiwa asiye na uwezo. Lakini uteuzi mara nyingi huja vikao vinapokaribia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za awali kumhoji mtu aliyekamatwa, na maelezo ya onyo huandikwa humo, ingawa sheria hiyohiyo inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Wakili anapokabidhiwa faili, maelezo yale yana umri wa miezi au miaka. Kilichobaki ni kupinga yasipokelewe.

Watu wa mji mdogo wana maelezo yao kuhusu haya yote, na baadhi yanastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba wakili "ameuza kesi" au "amekula pande mbili". Chanzo chake kinaeleweka. Mawakili wa pande mbili wanakula nyama choma baa moja, wanasali kanisa moja na hakimu, wanapeana salamu za bashasha dakika moja baada ya kushambuliana. Mteja anayetoka kwenye uhasama wa damu hawezi kuona heshima hiyo kama taaluma. Wapo mawakili wasio waaminifu, na kamati ya mawakili ina mamlaka ya kuwafutia leseni. Hata hivyo, mashauri mengi yanayodaiwa kuuzwa yalikuwa yamekufa kwenye karatasi kabla wakili hajalipwa shilingi ya kwanza, na kosa la wakili ni kutomwambia mteja ukweli huo siku ya kwanza, kwa kuogopa kwamba atabeba mfuko wake kwenda ofisi ya pili.

La pili ni imani juu ya muhuri. Mnunuzi na muuzaji wanafika kwa wakili na karatasi yao, inagongwa muhuri mwekundu, na wanaondoka wakijua kwamba ardhi imekuwa halali. Muhuri unathibitisha kwamba aliyesaini ndiye aliyesaini, mbele ya nani, wapi na lini. Haumpi muuzaji haki asiyokuwa nayo na hauchukui nafasi ya kikao cha halmashauri ya kijiji. Hapa ndipo vishoka, yaani wanaojifanya mawakili bila kuwa kwenye orodha ya Mahakama Kuu, wanapojipatia riziki, na hapa pia ndipo wakili halali anayegonga bila kuuliza anapofanana nao.

La tatu ni kwamba ngazi ya chini haina uzito, mambo makubwa yako juu. Ni imani ya hatari kuliko zote, na tayari sababu zake zimeonekana. La nne linahusu ushindi: hukumu haihamishi mtu shambani. Mshindi anapaswa kuomba kukazia hukumu, dalali wa mahakama ateuliwe, gharama zilipwe. Wapo wenye hukumu za miaka sita wanaoendelea kulima kwa kuazima.

Kuna vyombo ambavyo wakili wa shule huvidharau bila sababu. Wairaqw wana vikao vya wazee vya kupatanisha majirani. Wabarabaig wana mabaraza yao, likiwemo la wanawake, ambalo mwanaanthropolojia George Klima alilieleza katika miaka ya 1960 kuwa na uwezo wa kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe kwa kosa dhidi ya mwanamke. Vikao hivi havina mwenendo ulioandikwa, na vingine vinawaumiza wajane kuliko mahakama yoyote. Lakini vinajua mpaka ulikuwa wapi. Suluhu iliyofikiwa humo ikiandikwa vizuri na kuwekwa mahakamani kama hati ya makubaliano inakuwa na nguvu ya hukumu, na wakili makini hupendelea njia hiyo kwa shauri la ndugu wawili na ekari moja.

Mirathi inaonyesha jinsi kazi ndogo ya mapema inavyozuia kazi kubwa ya baadaye. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani kama Jorodom na Gendabi, yakaua zaidi ya watu 80 na kufukia nyumba, maduka na mashamba. Msaada wa chakula na nyumba ulikuja, na ulistahili. Kazi ya sheria iliyobaki baada ya msiba wa namna hiyo haionekani kwenye picha: vyeti vya vifo, akaunti zisizo na mwenyewe, mipaka iliyofunikwa, watoto waliobaki na bibi. Usimamizi wa mali za marehemu kwa kawaida hupita mahakama ya mwanzo kwa Fomu Namba 1, ikiambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali, Fomu Namba 5, kisha hufuata hesabu ya mgawanyo, Fomu Namba 6. Wengi hawaziwasilishi; wanadhani barua ya uteuzi ndiyo umiliki. Miaka kumi baadaye mjane anaambiwa na shemeji yake kwamba shamba ni la ukoo, kwa nguvu ya tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 ambalo bado linamweka mwanamke mwisho wa foleni. Fomu mbili zilizojazwa kwa wakati zingelifunga jambo hilo.

Tiba za haya hazihitaji sheria mpya nyingi. Iliyo karibu kabisa ni mawakili wenyewe kuuza ushauri wa mwanzo kwa bei iliyobandikwa ukutani: saa moja na mteja kabla hajaenda baraza la kata au mahakama ya mwanzo, na karatasi moja inayomwonyesha aite mashahidi gani, apeleke nyaraka zipi na amuulize mpinzani maswali gani. Sheria inapomzuia wakili kusimama mahakamani haimzuii kumwandaa mtu ofisini. Bei ya ushauri huo inaweza kuwa ya debe moja au mawili ya mahindi, na bado ikamlipa wakili kuliko rufaa isiyo na matumaini inayolipwa kwa mafungu hadi mavuno ya mwaka ujao. Makubaliano ya ada yaandikwe, fedha zitolewe risiti. Wakili asikubali kulipwa kwa kipande cha shamba linalobishaniwa, kishawishi kikubwa mahali ambapo mteja ana ardhi kuliko fedha. Maadili ya kazi yanamkataza kununua maslahi katika mgogoro wa mteja wake.

Mahakama kwa upande wake ingeweza kuutumia zaidi mlango uliofunguliwa mwaka 2021 kwa kupeleka mahakimu wakazi kwanza kwenye mahakama za mwanzo za mbali, kama za ukanda wa Haydom na Basotu, badala ya kuwarundika makao makuu ya wilaya ambako mawakili wapo tayari. Wakili wa mshtakiwa wa mauaji ateuliwe siku shauri linapotajwa kwa mara ya kwanza. Posho yake ikibaki ndogo, angalau awe na muda. Wakalimani wa Kiiraqw na Kidatoga wawe kwenye orodha, waliopimwa na kuapishwa, wanaojua rangi za ng'ombe kwa Kiswahili.

Wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndio walio karibu na kijiji kuliko wakili yeyote, na hawaruhusiwi kumtoza mteja. Kampeni ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa mwaka 2023 imewapeleka wanasheria vijijini, lakini kampeni hufika na kuondoka, na mgogoro wa mpaka hauna msimu. Msaidizi wa kisheria aliyeunganishwa na ofisi moja ya wakili mjini, mwenye namba ya kupiga siku karatasi ya mauziano inapoandikwa, ana faida kuliko mkutano mmoja wa hadhara. Halmashauri za vijiji nazo zinahitaji kitu cha bei ndogo: rejista ya ardhi inayojazwa na daftari la mihutasari linalofungiwa kabatini, pamoja na hati za hakimiliki ya kimila pale upimaji ulipokamilika. Mtendaji wa kijiji akihama, daftari hilo likabidhiwe kwa maandishi kwa anayempokea, kwa sababu muhtasari uliopotea kati ya watendaji wawili ndio ambao wakili atautafuta miaka kumi baadaye.